Uvuvi wa kambamiti Bagamoyo

Uvuvi wa kambamiti Bagamoyo ni shughuli ya kuvua kamba wadogo wa baharini katika maji mafupi yaliyo kati ya mdomo wa mto Ruvu, Bagamoyo mjini na Mbegani upande wa kusini, hadi mdomo wa mto Wami na Saadani upande wa kaskazini, katika Mkoa wa Pwani nchini Tanzania. Eneo hili ni mojawapo ya sehemu kuu za kambamiti nchini. Nyingine ni delta ya mto Rufiji.

Neno "kamba" huwachanganya wanafunzi. Kambamiti ndiye anayezungumziwa hapa, mwenye gamba jembamba na mwili uliopinda. Kamba kochi ni mkubwa zaidi, hukaa kwenye miamba ya matumbawe na huvuliwa kwa njia nyingine kabisa. Uduvi ni wadogo mno, na kwa kawaida huanikwa.

Maisha ya kambamiti

Aina inayovuliwa zaidi ni kamba mweupe (Penaeus indicus). Jike hutaga mayai baharini, makumi ya maelfu na hata zaidi kwa mara moja. Mayai huanguliwa haraka, na viluwiluwi huelea na maji kwa muda wa wiki mbili au tatu wakibadilika umbo mara kadhaa. Wanaosalimika huingizwa na maji kujaa kwenye midomo ya mito. Humo, katikati ya mizizi ya mikoko, hupata chakula na maficho na kukua kwa miezi michache. Wakipevuka kiasi hurudi baharini kutaga, hasa mvua inapojaza mito na kupunguza chumvi ya maji. Kambamiti haishi miaka mingi. Wengi hawafiki hata miaka miwili.

Mambo mawili yanatokana na hayo. La kwanza ni kwamba kambamiti huongezeka upesi akiachwa, tofauti na papa au kasa. La pili ni kwamba anahitaji sehemu zote tatu, yaani mto, mikoko na bahari, na ikiharibika moja tu mzunguko wote unakatika. Kuilinda bahari peke yake hakumsaidii sana.

Ngalawa na meli

Wavuvi wadogo wa Bagamoyo hutumia mitumbwi, ngalawa, mashua na nyavu za mkono karibu na ufuo. Katika miaka ya 1960 zilianza kuja meli za kukokota nyavu, na Shirika la Uvuvi Tanzania (TAFICO), lililoundwa mwaka 1974, lilikuwa miongoni mwa waliovua kwa njia hiyo. Baadaye kampuni binafsi zilipewa leseni, kwa kuwa kambamiti huuzwa nje kwa fedha za kigeni. Mbegani yenyewe pana chuo cha uvuvi kilichojengwa kwa msaada wa Norwei, na leo ni kampasi ya Wakala ya Elimu na Mafunzo ya Uvuvi (FETA).

Wavu wa meli hizo ni kama mfuko mpana unaoburutwa juu ya sakafu ya bahari. Hauchagui. Pamoja na kambamiti huingia samaki wachanga, kaa, taa na mara nyingine kasa, ambaye huzama kwa kukosa hewa kwa sababu hupumua kwa mapafu. Katika bahari za joto duniani, kilo moja ya kambamiti mara nyingi hutoka majini na kilo kadhaa za viumbe wengine, na wengi wao hutupwa wakiwa wamekufa. Kuna kifaa cha chuma kinachofungwa ndani ya wavu ili kasa atoke. Sheria ya Marekani ya mwaka 1989 ilizuia kuingiza nchini humo kamba waliovuliwa kwa namna inayoua kasa.

Kwa kuwa kambamiti hupendelea maji mafupi yenye tope, meli na ngalawa zilivua mahali palepale. Wavuvi wadogo walilalamika kwamba nyavu zao zilipitiwa na kukatwa, na kwamba samaki waliotupwa na meli ndio haohao wangewavua wao wakishakua. Serikali iliweka masharti: meli zivue mchana tu, zipumzike takriban kuanzia Desemba hadi Februari, na pwani igawanywe katika kanda tatu, ya kwanza ikiwa ya Bagamoyo na Saadani. Masharti hayo yalikuwa mazuri kwenye karatasi, lakini kulinda meli usiku baharini si sawa na kulinda shamba. Mavuno yaliendelea kushuka, na mwishoni mwa mwaka 2007 serikali ikasimamisha uvuvi wa kambamiti kwa meli za kukokota.

Kenya ilipitia njia inayofanana. Katika ghuba ya Ungwana, wanakopokea maji ya mito Tana na Sabaki, meli zilisimamishwa mwaka 2006, kisha zikaruhusiwa tena mwaka 2011 kwa sharti la kukaa mbali zaidi na ufuo.

Sababu nyingine

Si haki kuzitupia meli lawama zote. Nyavu za macho madogo, na hata vyandarua vya mbu, huvutwa na wavuvi wadogo wenyewe katika midomo ya mito, na hukusanya kambamiti kabla hawajafika baharini. Kokoro linaloburutwa ufuoni hufanya vivyo hivyo, ijapokuwa limepigwa marufuku.

Mikoko hukatwa kwa ajili ya nguzo, kuni na kuchomea chokaa. Mkoko na mkandaa hutafutwa kwa boriti, mchu kwa kuni. Misitu ya mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi kisheria, lakini sehemu zake za nyuma zimegeuzwa mashamba ya chumvi, yanayoonekana wazi Bagamoyo na Saadani.

Halafu kuna maji ya mto. Sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam hutoka Ruvu, katika mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, huu wa pili ukiwa wilayani Bagamoyo tangu mwaka 1976. Kadiri jiji linavyokua ndivyo mto unavyovutwa zaidi wakati wa kiangazi, na maji matamu yanayofika kwenye mikoko hupungua. Mvuvi wa Mbegani na mkazi wa jiji anayefungua bomba hutegemea mto mmoja, ingawa wa pili huenda hajawahi kulifikiria jambo hilo.

Upande wa kaskazini, Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005, inajumuisha pia sehemu ya bahari na ufuo wa Madete, ambako kasa wa kijani hutaga mayai.