Mipangilio ya Msingi na Mipangilio ya Mahali: Kila Moja na Makazi Yake

Programu ya kompyuta huandikwa kwa lugha ambayo binadamu aweza kuisoma, kisha hugeuzwa na programu nyingine, iitwayo kompaila, iwe amri zifuatwazo na mashine. Kazi hiyo huitwa kuunda programu. Kabla ya kuianza sharti maswali yajibiwe: mashine ni ya aina gani, na ina vifaa vipi? Majibu huandikwa katika faili la mipangilio. Je, faili hilo likae wapi?

Tumtazame fundi cherehani anayeshona sare za shule. Mchoro wa sare ni mmoja, nao hutundikwa ukutani ili mafundi wote wautumie. Vipimo vya kila mwanafunzi huandikwa katika daftari. Fundi akiandika vipimo vya Juma juu ya mchoro, sare zote zitakazofuata zitamfaa Juma peke yake.

Mfano wa Linux

Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds nchini Finland mwaka 1991, hufuata kanuni hiyo. Kiini chake kina maswali ya mipangilio kwa maelfu. Mipangilio ya msingi huwekwa pamoja na matini ya programu, katika saraka maalumu ya kila aina ya mashine, kama vile arch/x86/configs. Mipangilio ya mahali huandikwa katika faili liitwalo .config, ambalo Git, chombo cha kutunza matoleo ya programu, huagizwa kulipuuza. Hivyo chaguo la mtu mmoja haliwafikii wenzake kwa bahati mbaya.

Mwaka 2010 Torvalds alilalamikia mafaili ya msingi ya mashine za ARM. Mengi yalikuwa nakala ndefu zilizorudia majibu yaleyale, na kila badiliko dogo lilizisumbua zote. Dawa ikawa kuandika yale tu yanayotofautiana na majibu ya kawaida. Zaidi ya mistari 100,000 ikafutwa, wala hapakupotea chaguo lolote.

Hatari mbili

Hatari ya kwanza ni kupoteza. Amri ya make mrproper, isafishayo saraka ya Linux, hulifuta pia faili la .config. Asiyeweka nakala mahali pengine hupoteza kazi yake yote.

Ya pili ni kufichua. Nywila ikiingizwa katika hifadhi ya pamoja ya Git, kuifuta kesho yake hakutoshi, kwa kuwa Git hutunza matoleo yaliyopita, na mwenye nakala aweza kuisoma. Nywila hiyo haina budi kubadilishwa.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Linalowafaa wote liwekwe pamoja na programu; linalohusu mashine moja libaki katika mashine hiyo; la siri lisiingie kamwe katika hifadhi ya pamoja. Programu na isome mipangilio ya msingi kwanza, kisha ya mahali, na zikihitilafiana, ya mahali ishinde.

Zoezi: Wanafunzi waorodheshe mipangilio kumi ya kompyuta ya shule, kisha waeleze ipi ni ya wote, ipi ni ya mashine hiyo, na ipi ni ya siri.