Daftari la Karani Asiyelala

Mhudumu wa zahanati wilayani Muleba akishahesabu wagonjwa wa malaria wa mwezi mzima, na hesabu ile ikaingizwa katika DHIS2, mfumo wa taarifa za afya uliolelewa na Chuo Kikuu cha Oslo na kuenezwa Tanzania nzima kufikia mwaka 2013, si lazima tarakimu zake zionekane papo hapo katika chati azitazamazo mganga aliyeko Bukoba. Kwani chati hizo hutegemea majedwali ya uchambuzi, ambayo programu huyaunda upya kwa saa zilizopangwa, aghalabu usiku wa manane.

Kazi hizo hufanyika kimya, lakini si bila ya shahidi. Kila kazi ianzapo, ikomapo au ikwamapo, mfumo huandika habari zake, pamoja na saa, katika faili la kumbukumbu liitwalo dhis.log. Fundi wa seva, mbele ya kioo kitupu kisicho na picha, huandika amri tail -f dhis.log, na mistari ya mwisho humteremkia kadiri inavyozaliwa. Akitaka makosa peke yake, huyachuja kwa amri grep ERROR dhis.log. Nami naipendelea njia hii kuliko madirisha ya rangi, maana maandishi matupu hupita hata penye mtandao dhaifu.

Aidha, katika mistari hiyo kosa la kwanza ndilo aghalabu lenye sababu, na yanayofuata ni mwangwi wake. Ila shahidi huyu naye huweza kunyamaza: diski ikijaa, mfumo hushindwa kuandika hata habari ya kushindwa kwake.