Kutafuta Nasaba: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kulipa

Kabla hujamlipa mtu akuandalie shajara ya nasaba, anza na wazee wako. Waulize majina matatu ya kila marehemu. Kwa desturi ya wengi nchini, jina la pili ni la baba na la tatu ni la babu. Hivyo jina kamili hubeba vizazi vitatu.

Asiyejua mwaka wa kuzaliwa mara nyingi hulijua tukio. Ukiambiwa kuwa babu alizaliwa wakati wa Vita vya Majimaji, tafuta kati ya 1905 na 1907.

Kisha linganisha simulizi na maandishi. Tanzania Bara, vizazi na vifo husajiliwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA). Asiyesajiliwa huenda akapatikana katika daftari la ubatizo, hati ya ndoa au kumbukumbu za shule. Hamisi na Khamis huweza kuwa mtu mmoja. Na watu wawili huweza kuitwa Hamisi Juma. Pambanua kwa jina la babu, kijiji na umri.

Ukiamua kumlipa mtafiti, dai mkataba wa maandishi, na nakala ya kila kumbukumbu ikionyesha namba yake na ofisi ilikopatikana. Usimkabidhi vyeti halisi. Shajara isiyotaja chanzo, hata ikipambwa vipi, ni vigumu kuitegemea siku linapozuka shauri la mirathi.