Kabla ya Rangi, Pima Betri

Mwaka jana, ndugu msomaji, nilinunua gari la mtumba kutoka Japani: Mitsubishi Outlander ya mwaka 2013, linalotumia petroli pamoja na umeme wa kuchomeka nyumbani. Likiwa jipya, vipimo vya Japani vililipa kilometa 60 kwa umeme mtupu. Langu lilikula LUKU usiku kucha, likanifikisha kilometa 28, injini ikaunguruma. Si ajabu, betri huchakaa kwa umri na joto. Muuzaji alisifia rangi, nami sikuuliza.

Ukienda yadi, omba lichajiwe lijae, liendeshe taratibu hadi injini iwake, kisha hesabu kilometa. Na kama kwako hakuna pa kuchomeka, liache; utabeba betri nzito bure. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.