Wafransa na Wangereza wa Mengo

Pembezoni mwa Kamwokya, mtaa wa Kampala, kwenye Barabara ya Kira, lipo Jumba la Makumbusho la Uganda. Waganda wa zamani waliliita Enyumba ya Mayembe, nyumba ya pembe za mizimu, kwa sababu ya vyombo vya ibada za jadi vilivyowekwa humo. Lakini makumbusho hayo hayakuzaliwa hapa. Yalianza mwaka 1908 kwenye kilima cha Old Kampala, ndani ya ngome ya Kapteni Lugard, afisa Mwingereza. Anayeamini kwamba dini ndiyo mama wa vita vyote na aanzie kwenye ngome hiyo.

Tarehe 24 Januari 1892 bunduki ya Lugard aina ya Maxim ilisaidia kuwatawanya Wakatoliki waliokuwa wakipigana na Waprotestanti huko Mengo, makao makuu ya ufalme wa Buganda. Miaka sita tu kabla ya hapo, waumini wa madhehebu hayo mawili walichomwa moto pamoja Namugongo kwa kumkiri Kristo mmoja. Mwaka 1888 waliungana na Waislamu kumwondoa Kabaka (mfalme) Mwanga. Waislamu walipowafukuza, wakatoka pamoja, wakarudi pamoja na kumrejesha Mwanga yuleyule. Basi ni nini kilichowafarakanisha?

Imani yao haikuwa imebadilika. Kilichobadilika ni kwamba sasa palikuwa na ushindi wa kugawana: uchifu, ardhi na sikio la Kabaka. Hata majina waliyopeana yanatoa ushahidi: Wafransa na Wangereza, kwa mataifa ya wamisionari wao. Cheche yenyewe ilitokana na ugomvi wa bunduki. Mprotestanti aliuawa, Mwanga akamwachia muuaji Mkatoliki. Na vita vilipokwisha, hakuna aliyejadili sakramenti. Waligawana nchi, Wakatoliki wakapewa jimbo la Buddu.

Mgawanyo huo ulidumu kuliko risasi. Uganda ilipokaribia uhuru mwaka 1962, chama cha Democratic Party (DP) kilionekana kuwa cha Wakatoliki na Uganda People's Congress (UPC) cha Waprotestanti, ingawa vyote viwili viliomba kura kwa ahadi za ajira, shule na barabara.

Hata hivyo siitakasi dini. Mtu anayegombea shamba hukubali nusu akichoka. Aliyeambiwa kwamba shamba ni la Mungu huona kukubali nusu ni usaliti. Hapo ndipo dini hubeba lawama yake halisi: huugeuza ugomvi unaogawanyika kuwa ugomvi usiogawanyika. Viongozi wa dini wanaolijua hilo na kunyamaza hawawezi kunawa mikono.

Lakini nguvu hiyohiyo ya dini hufanya kazi nyingine. Katika miaka ya 1980, UKIMWI ulipokuwa ukimaliza nyumba baada ya nyumba, Wakatoliki wa Kamwokya walianzisha Kamwokya Christian Caring Community, wakawafuata wagonjwa kwenye vyumba vyao vya kupanga. Nao pia walisukumwa na imani, tena imani kali. Tofauti ni kwamba hapakuwa na kiti cha kugombea kando ya kitanda cha mgonjwa.

Leo mahali pa ngome ya Lugard umesimama Msikiti Mkuu wa Taifa, na makanisa makuu ya Rubaga, la Wakatoliki, na Namirembe, la Waprotestanti, yamesimama kwenye vilima vya jirani. Vilima hivyo vinaweza kuishi pamoja. Kijana wa Kamwokya akiitwa kupigania dini yake, aulize kwanza swali moja: vita vikiisha, nani atapewa Buddu?