Amri za dharura zisisahau haki ya kunyoosha mwili

Tangu Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alipoiondoa kafyu katika sherehe za Mashujaa mnamo Oktoba 20, 2021, Wakenya wengi wamejitahidi kukisahau kipindi kile cha dhiki. Barakoa zimetupwa, na anayetaja habari za janga la corona huonekana kama mtu anayefukua makaburi. Mimi nashikilia kwamba liko jambo moja ambalo hatuna budi kulifukua, kwa sababu tulilizika kabla ya kulijadili. Nalo ni haki ya mwananchi kuunyoosha mwili wake wakati serikali inapompimia saa na mahali pa kutembea.

Yamkini msomaji ataguna na kusema kwamba watu walikuwa wakifa, wengine wakilala njaa, na kwamba mazoezi ya viungo yalikuwa anasa ya walioshiba. Hoja hiyo naielewa, lakini siikubali. Kisa cha kwanza cha ugonjwa huo kilipotangazwa humu nchini Machi 13, 2020, haukupita muda kabla ya madaktari kutueleza ni nani waliokuwa hatarini zaidi. Walitaja wazee, na wale wanaougua kisukari, shinikizo la damu, maradhi ya moyo na unene wa kupita kiasi. Hayo ndiyo maradhi ambayo kutembea, kukimbia na kufanya kazi za mikono husaidia kuyazuia au kuyatuliza. Kumtaka mgonjwa wa kisukari akae kitako miezi mitatu ili asiambukizwe ni sawa na kumfungia adui mlango wa mbele na kumwachia wazi wa uani.

Isitoshe, kinachohitajika si kingi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Novemba 2020, linapendekeza mtu mzima apate angaa dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ukizigawa kwa siku saba, utapata dakika zipatazo 21 kwa siku. Watoto na vijana wanahitaji zaidi, yaani wastani wa dakika 60 kila siku, na tukumbuke kwamba watoto wetu walifungiwa shule kuanzia Machi 2020. Kwa hivyo walipoteza masomo, wakapoteza pia uwanja, mwendo wa kwenda na kurudi, na michezo ya saa nne.

Sasa tutazame amri zetu zilivyokuwa. Kafyu ilianza Machi 27, 2020, kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mapema Aprili, watu wakazuiwa kuingia au kutoka eneo la Nairobi na viunga vyake, kisha kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale. Mwezi Mei, katikati ya mfungo wa Ramadhani, mitaa ya Eastleigh jijini Nairobi na Mji wa Kale kule Mombasa ikafungwa. Ni kweli kwamba Kenya haikuwahi kuwafungia raia wote majumbani mchana kutwa kama zilivyofanya nchi nyingine. Aliyetaka kutembea saa nne asubuhi hakukatazwa na kafyu. Hata hivyo, ni nani mwenye nafasi ya kutembea saa nne asubuhi? Kibarua wa Eneo la Viwanda, mama mboga wa Kangemi na bawabu wa Nyali hupata nafasi yao alfajiri au magharibi, na saa hizo ndizo zilizochukuliwa. Ilipofika mapema Juni, kafyu ikasogezwa hadi saa tatu usiku, na hapo watu wakapumua kidogo.

Kubwa kuliko saa zenyewe lilikuwa kimya cha amri hizo. Zilitaja wafanyakazi wa huduma muhimu, zikataja malori ya chakula, na ni haki yake. Juu ya raia anayetaka kunyoosha miguu karibu na kwake, mimi sikusikia neno. Na amri inaponyamaza, mwenye rungu ndiye husema. Jioni ya kwanza ya kafyu hata haijaingia, abiria waliokuwa wakikimbilia feri kule Likoni walikuwa tayari wamepigwa na kurushiwa vitoa machozi. Siku tatu baadaye, usiku wa Machi 30, mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao mtaani Kiamaiko, Nairobi, polisi walipokuwa wakitekeleza kafyu hiyo. Baada ya hapo, ni mzazi gani angemruhusu mwanawe aruke kamba barazani jioni?

Wala wenye rungu hawakuwa askari peke yao. Jumba ninamoishi lina orofa sita, na vyumba vingi ni vya futi kumi kwa kumi, vyenye kitanda, jiko, meza na watu wanne au watano. Mahali pekee penye jua na hewa ni juu ya paa, panapoanikwa nguo. Wapangaji walipoanza kupanda huko kwa zamu, wazee asubuhi na watoto alasiri, mwenye jumba alitia kufuli mlango wa paa na kutangaza kwamba anatekeleza agizo la serikali. Hakuna agizo la aina hiyo lililotolewa. Lakini sisi hatukuwa na karatasi ya kumwonyesha, kwa kuwa hapakuwa na mahali palipoandikwa kwamba mtu anaruhusiwa kufanya mazoezi. Kufuli hilo lilikaa hapo miezi miwili. Mzee mmoja wa orofa ya tatu, mwenye shinikizo la damu, aligeuza ngazi kuwa uwanja wake, akipanda na kushuka polepole kila asubuhi na barakoa usoni, huku wengine wakimcheka.

Wenzetu ng'ambo walilifikiria jambo hili, ijapokuwa si wote waliolifikiria vyema. Uingereza ilipowaamuru watu wake wakae nyumbani Machi 23, 2020, ilitaja bayana kwamba kila mtu anaweza kutoka mara moja kwa siku kwa ajili ya mazoezi. Ufaransa iliruhusu saa moja kwa siku, katika umbali wa kilomita moja kutoka nyumbani, na mtu alitakiwa kubeba hati aliyoijaza mwenyewe. Masharti hayo yalikuwa makali, na mwishoni mwa Novemba mwaka huo, wakati wa kufungwa kwa mara ya pili, yakalegezwa hadi saa tatu na kilomita 20. Lakini hata yalipokuwa makali, raia alijua haki yake inaanzia wapi na inaishia wapi, na askari naye alijua.

Afrika Kusini ilishika njia nyingine. Kuanzia Machi 27, 2020, siku ile ile kafyu yetu ilipoanza, nchi hiyo ilipiga marufuku hata kukimbia peke yako barabarani. Marufuku hiyo ilidumu wiki tano. Mei mosi serikali ikafungua mlango, lakini kwa ufa mwembamba: kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na katika umbali wa kilomita tano kutoka nyumbani. Ukiwabania watu saa tatu tu, nao wote wana kiu ya jua, utawakuta wote njiani kwa wakati mmoja. Serikali inayoogopa msongamano haifai kuutengeneza kwa kalamu yake yenyewe.

Kuna watakaosema kwamba nidhamu ya mtu binafsi inatosha, na kwamba anayetaka mazoezi hatakosa njia. Nao wana mifano mizuri. Kambi za riadha za Iten na Kaptagat zilipofungwa, wanariadha waliozoea kukimbia kwa makundi walilazimika kukimbia mmoja mmoja. Katika mwaka huo huo, Oktoba 17, Peres Jepchirchir alishinda ubingwa wa dunia wa nusu marathoni mjini Gdynia, Poland, kwa saa 1 dakika 5 na sekunde 16, rekodi ya dunia ya mbio za wanawake pekee. Nidhamu hiyo ni ya kuigwa. Tena ni kweli kwamba dakika 21 zaweza kupatikana chumbani, kwa kuchuchumaa na kusimama, kwa kuruka papo hapo, kwa kupanda ngazi kama yule jirani yangu. Lakini mwanariadha wa Iten alikuwa na barabara ya vumbi isiyo na watu mbele ya mlango wake. Mkaazi wa Pipeline au Mathare hana. Nidhamu bila nafasi ni mbegu juu ya sakafu ya saruji.

Na nafasi haiji wakati wa janga. Nafasi hulindwa miaka mingi kabla. Marehemu Profesa Wangari Maathai alipopinga mwaka wa 1989 mpango wa kujenga jumba la orofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, alikejeliwa hadharani na wakubwa. Alipokwenda kuutetea msitu wa Karura Januari 1999, alipigwa na kujeruhiwa. Leo ni vigumu kuifikiria Nairobi bila sehemu hizo mbili. Lakini Karura hulipiwa kiingilio, na mitaa mingi ya makabwela haina hata uwanja mmoja wa kuchezea mpira. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka wa 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kinyume cha sheria. Kila uwanja ulionyakuliwa ulikuwa pumzi ya mtu fulani, na mwaka wa 2020 tuliona ni ya nani.

Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Haki hiyo haiishii mlangoni mwa hospitali. Kwa hivyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, Wizara ya Afya iandike sasa, tukiwa na utulivu, kwamba katika dharura yoyote ya maradhi kila mtu ataruhusiwa kutoka kwa mazoezi karibu na kwake, peke yake au pamoja na jamaa wa nyumba moja. Pili, saa hizo ziwe nyingi, na ziguse alfajiri na jioni, ili mfanyakazi asiachwe nje na umma usisongamane. Tatu, serikali za kaunti ziorodheshe viwanja vyote vya umma vilivyosalia, zivizungushie ua na kuviandikia hati, na sheria za majengo zimlazimishe mwenye jumba la kupangisha kuacha nafasi ya pamoja isiyotiwa kufuli.

Wananchi nao wana wajibu wao. Anayetumia ruhusa ya mazoezi kukusanya marafiki ishirini kandokando ya barabara anawaharibia wenzake na kumpa askari sababu ya kuinua rungu. Ruhusa hulindwa kwa kutumiwa vyema.

Janga jingine litakuja. Wataalamu wa maradhi hawana shaka juu ya hilo, ila hawajui siku wala jina lake. Likija, amri zitaandikwa usiku mmoja, kwa haraka, na watu waliochoka. Ni heri ibara inayomruhusu yule mzee wa orofa ya tatu kutembea iwe imekwisha kuandikwa.