Je, Wajua? Maji ya Nairobi Huchemka Mapema

Je, wajua kwamba sufuria ikitokota Kawangware au Lavington, maji hayajafika nyuzi 100? Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi za Selsiasi. Kwa chai ya oolong, iliyo kati ya chai ya kijani na chai nyeusi, joto hilo linafaa sana. Tia kijiko cha majani kikombeni, mimina maji yanayotokota, funika dakika 3, kisha chuja. Majani usiyatupe: yamiminie maji tena mara mbili, tatu, uonje ladha ikibadilika. Maziwa yaachie chai ya asubuhi.